Baba Anauza Leseni ya Baa, na Mimi Najua Kwa Nini Wazee Hawaji

Mpendwa mshauri Attracta,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usichape jina langu wala la kijiji chetu, andika tu jina la kaunti yetu, Leitrim, kwa sababu baba yangu husoma gazeti hili kuanzia ukurasa wa vifo hadi ukurasa wako, na wateja wake walikuwa wakilisoma pia, enzi alipokuwa na wateja.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa sita, na tunaishi juu ya baa yetu, ambayo jina la babu wa babu yangu bado liko juu ya mlango wake. Nilipokuwa mdogo kijiji kilikuwa na baa tatu. Sasa moja ni nyumba ya watu wa Dublin wanaokuja kiangazi, ya pili imepigiliwa mbao madirishani na ndege wamejenga kwenye bomba la moshi, na ya tatu ni sisi. Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini baa zinakufa atakutajia haraka haraka, bili ya umeme, bia rahisi ya supamaketi, vijana waliokwenda Australia, polisi na kipima pumzi chao cha kuwanasa madereva waliokunywa, na yote hayo ni kweli, mimi mwenyewe nimemwona baba akizima jokofu moja baada ya jingine. Lakini kwetu kuna jambo jingine, na nadhani ni mimi peke yangu ninayelijua, na nimeapa nisiliseme.

Nianze na baba. Baba anaamini kijiji kimemsusa. Majira ya baridi ya mwaka juzi timu yetu ya mpira ilikosa vijana wa kutosha, ukaitwa mkutano kuamua kama tuungane na wale wa ng'ambo ya ziwa, ambao tumechukiana nao tangu babu yangu hajazaliwa, na baba akainua mkono akasema tuungane, afadhali nusu ya timu kuliko kukosa timu. Mtu mmoja akamwambia mbele ya wote, "Umetuuza bwana, na bia yako tutaikumbuka!" Watu walicheka, naye alikuwa anatania, au nusu anatania. Lakini tangu hapo viti vilianza kubaki vitupu, hasa vile vya karibu na moto, vya wazee waliokuja kila Alhamisi tangu ujana wao, na baba akajumlisha mwenyewe. Hamuulizi mtu. Kila jioni anawasha moto, anafuta glasi ambazo hakuna aliyezinywea, anatazama mlango. Mama ni muuguzi huko Sligo na hana subira na mambo haya, humwambia, "Nenda kawaulize, miguu unayo," na baba humjibu, "Simbembelezi mtu aje kunywa kwangu. Mlango wanaujua."

Sasa kuna kampuni ya maduka inayotaka leseni yetu. Baa hawaitaki, wanataka leseni tu, kwa sababu sheria inataka ya zamani ife ndipo mpya izaliwe kwingine, wao waweke chupa kwenye rafu zao na sisi tubaki na nyumba yenye kaunta isiyo na kazi. Ikishaondoka hairudi. Baba anasema atatia sahihi kabla mwezi huu haujaisha. Nilimwambia, kwa sauti ambayo labda hakuisikia vizuri, kwamba mimi ningependa kubaki hapa na siku moja niiendeshe, akasema, "Uendeshe nini, mwanangu? Viti?" Halafu akayaona macho yangu, akaenda kunitengenezea chai.

Tangu nimalize shule nasaidia kwenye gari la parokia linalowapelekea wazee chakula cha mchana. Carmel anaendesha, mimi nabeba sahani hadi ndani. Mimi si msemaji, na nimegundua kwamba ukinyamaza jikoni kwa mtu anayeishi peke yake, yeye mwenyewe huujaza ule ukimya. Mzee wa kwanza nitamwita Packie, na majina mengine humu pia nimeyabadilisha. Siku hiyo ilikuwa nyama ya nguruwe na kabeji, akaisukuma pembeni akauliza, "Baba yako hajambo? Bado anaiacha bia itulie kabla hajaijaza glasi, au naye amekuwa na haraka kama watu wa mjini?" Nikasema hajambo, anaiacha. Akatazama dirishani akasema, "Daktari ameniachia glasi moja tu, binti. Moja! Moyo huu umekuwa kama wa kuku." Nikasema si neno, moja inatosha. Akanigeukia kama nimemtukana. "Inatosha kwa nani? Nikae na Eugene na kaka yake, wao waninunulie, halafu mimi niinuke niende zangu zamu yangu haijafika? Waseme Packie amekuwa mkono wa birika uzeeni? Bora nikae na huyu paka." Nikamuuliza kwa nini asiwaambie tu habari za moyo. "Wakishajua watanionea huruma. Na wewe usimwambie mtu, hata baba yako. Niapie."

Nikaapa. Unajua mwenyewe zamu ilivyo kwetu, mkikaa watatu mmoja ananunua za wote, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mwanamume anayeinuka kabla hajarudisha atasemwa mpaka kwenye mazishi yake.

Wiki ileile nikampelekea sahani huyo Eugene mwenyewe, anayeishi na kaka yake juu mlimani, na yeye akaniambia yake bila hata kuulizwa. "Polisi wanasimama njia panda hadi asubuhi, wanakupulizisha kipimo wakutafutie bia ya jana. Nikinywa zamu zote wananinyang'anya gari, na ng'ombe wangu atawapelekea majani nani, wewe? Nikinywa moja nikaondoka, nimekula vya wenzangu." Kaka yake akadakia kutoka kwenye kiti, "Huyu hajawahi kula vya mtu, ila vyangu!" Wakacheka wote wawili, halafu Eugene akasema kwa sauti ya chini, "Na isitoshe Packie haonekani tena. Nadhani nilimuudhi, ule usiku wa mambo ya mpira. Usimwambie nimesema."

Kwa hiyo Packie anamkimbia Eugene, Eugene anadhani Packie amekasirika, baba anadhani wote wamekasirika na yeye, na hakuna hata mmoja aliyekasirika, mshauri, hakuna hata mmoja. Na mimi ninazunguka kati yao na sahani za viazi nikijua kila kitu na mdomo wangu umefungwa. Juzi nilijaribu. Baba alikuwa anawasha moto, nikasema, "Baba." Akasema, "Naam." Nikasema, "Nimesahau." Akatikisa kichwa akicheka, "Ungekuwa padri, kaunti nzima ingekuja kuungama kwako."

Nikisema nimewavunjia wazee kiapo, nisiposema leseni inakwenda, na hata nikisema, nani atamsikiliza msichana ambaye hata bia yenyewe hajawahi kuinywa? Naomba uniambie nifanye nini, na kama jibu ni kwamba ninyamaze, niambie pia, nitajua nilivyo.

Binti wa Kaunta,
Leitrim

*

Binti wa Kaunta,

Marahaba. Na jibu si kwamba unyamaze, kwa hiyo futa machozi usome.

Umeniandikia mimi, mwanamke usiyemjua, kurasa nne zisizo na kosa hata moja, na baba yako yuko chini ya sakafu ya chumba chako. Usiniambie wewe si msemaji. Wewe unaogopa, na hilo ni jambo tofauti, lina dawa.

Kwanza nikuondolee mzigo wa kiapo. Uliapa kutosema habari za moyo wa mtu na gari la mtu. Hukuapa kumwacha baba yako aamini uongo. Ya wazee ni yao, usiyaguse mpaka wakuruhusu, na ruhusa utaiomba wewe, jikoni kwao, ukishaweka sahani mezani. Usikimbilie garini, Carmel atasubiri. Mwambie Packie: "Mzee, niruhusu nimwambie Eugene kwamba huna neno naye." Hilo tu. Kwa Eugene vilevile. Mwanamume atakayekataa hilo sijamwona katika kaunti hii, na nimewaona wakaidi. Na kama wanasoma hapa sasa hivi, najua kila mzee wa Leitrim mwenye daktari mkali na rafiki aliyepotea atadhani ameandikwa yeye. Vizuri sana. Nyote ndio ninyi. Rudini.

Sasa baba yako, na yeye nina neno naye. Bwana mwenye baa, ulikuwa sahihi kuhusu timu, lakini kukaa kimya umenuna miaka miwili kisha kuuza leseni ya babu zako bila kugonga hata mlango mmoja, huo ni uoga umevaa koti la heshima. Mkeo amekwambia. Mke akiwa muuguzi msikilize, wao huona mapema kitu kinapoanza kuoza.

Halafu kuna hii zamu yetu. Ilikuwa njia ya kuhakikisha hakuna anayekunywa peke yake, na leo inawafanya watu wazima wanywe chai na paka. Hakuna mzee atakayekuwa wa kwanza kuiacha, maana wa kwanza ndiye ataitwa bahili. Lazima aiondoe mwenye nyumba. Abandike karatasi juu ya kaunta: Alhamisi, kwa amri ya mwenye baa, kila mtu hununua chake, na atakayemnunulia mwenzake atatolewa nje. Wataguna, watamtukana, watamwita dikteta, na mioyoni watamshukuru, kwa sababu sasa wa kulaumiwa yupo na si wao. Anayelipa glasi moja akaondoka, ametii sheria tu.

Aagize ile bia nyeusi isiyo na kilevi, aimimine kwenye glasi zilezile, aiache itulie kama kawaida yake, na asimtangazie mtu nani anakunywa ipi. Supu iwepo mchana. Gari la parokia hulala uani jioni zote: nenda kwa Carmel, na kama ni lazima kwa padri, uliombe Alhamisi liwalete wazee na kuwarudisha nyumbani. Ndiyo, wewe. Na baba yako awaambie hao watu wa maduka kwamba hatii sahihi chochote mpaka Krismasi ipite. Kama wanaitaka leseni kweli watangoja. Na wewe muombe Alhamisi ziwe zako, uziendeshe, aone kama ni viti tu.

Siwezi kukuahidi kwamba itatosha. Bili ya umeme haisomi gazeti, na vijana hawatarudi kutoka Australia kwa ajili ya supu. Kuna baa nzuri zimefanya haya yote zikafungwa. Lakini zenu mbili zilizokufa zilikufa watu wakiwa wamekwishaondoka, na watu wenu wangali wamekaa nyumbani, wamevaa viatu, wakingoja mtu awape sababu ya kutoka. Hiyo si baa iliyokufa.

Najua ulichokwisha kufikiria: utaliacha gazeti hili juu ya kaunta likiwa wazi ukurasa huu, upande ngazi, ujifunike blanketi. Usithubutu. Gazeti si ulimi wako. Shuka wakati anawasha moto, kabla hajaufikia ukurasa huu. Akisema "Naam," usisahau chochote, na usianze na zamu, wala polisi, wala leseni. Nimekuandikia mimi sentensi ya kwanza, fupi kabisa, haimtaji mtu na haivunji kiapo. Iseme kwa sauti ya kusikika, kisha vuta kiti cha Packie ukae karibu na moto, maana ataanza kuuliza na kazi ni ndefu:

"Baba, hawana hasira na wewe."

Attracta