Upande wa Miguu

12 Januari

Baba,

Shikamoo kwanza, ugomvi baadaye. Huku sote hatujambo. Mkweo anakusalimu, mama yake naye vilevile, na mimi nina mafua tu. Masikio yako yanaendeleaje? Ningekupigia simu, lakini najua msumeno wa umeme umeshayala, na utaishia kuniitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikutukana. Kwa hiyo naandika.

Shangazi ameniambia umejitengenezea jeneza. Nikacheka. Nikamwambia, shangazi, fundi majeneza kuonekana na jeneza ni habari gani hiyo? Akasema, "Hili ni la kwake mwenyewe. Liko sebuleni. Anakunywa chai amelikalia."

Baba, nilikuwa juu ya ngazi ukumbini, nafunga vitambaa vya harusi. Nusura nimwangukie bibi harusi aliyekuja kukagua rangi.

Unaumwa na hutaki kuniambia? Umechoka kuishi? Nilipokuwa mdogo wenzangu walikataa kukaa na mimi dawati moja kwa sababu ya kazi yako, nikavumilia, kwa kuwa jioni ulifunga karakana na mauti yakabaki hukohuko na vumbi la mbao. Sasa umeyakaribisha sebuleni, penye picha ya mama! Huna furaha, baba? Niambie ukweli.

Binti yako

25 Januari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mafua yako yanywee maji ya moto na limau. Ugomvi wako nimeupokea, umefika mzima, haukuvunjika njiani. Mimi siumwi popote isipokuwa hayo masikio, na kwa mtu mwenye dada kama shangazi yako, uziwi kidogo ni rehema.

Hakudanganya. Ule mtiki niliouficha chini ya kitanda tangu mama yako yu hai, nimeuranda, nikaupiga msasa, nikapata sanduku ambalo hata mimi mwenyewe nililionea wivu. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu kinyozi ameamua kujinyoa, maana mafundi wa siku hizi nawajua, watanipigia mbao mbichi halafu nianze kupinda kabla sijafika. Chai nainywea pale kwa sababu kiti changu kimevunjika mguu na sina muda wa kukitengeneza.

Unaniuliza habari za furaha. Wewe unapamba kumbi, unaiona furaha ikiwa imevaa nguo zake nzuri. Mimi watu wananijia siku ambayo hata viatu wamevaa kushoto kulia. Nawauliza, marehemu ana urefu gani? Hakuna anayejua. Wanaanza kunieleza: alikuwa akiinama kidogo kwenye mlango wa jikoni. Nikimkumbatia, kichwa changu kilimfika hapa kifuani. Kwa maneno hayo nakata mbao, na sijakosea. Sijasikia mtu akinitajia cheo cha marehemu, wala nyumba yake. Basi mimi nadhani maisha yenye maana ni hayo tu, kuacha nyuma yako mtu anayejua ulikuwa unamfika wapi. Mimi wewe unanijua. Mkono wangu ulikufika begani ulipokuwa unavuka barabara ukienda shule. Nitalala kwa raha katika mtiki wangu.

Kwa hiyo usilie, mama. Nina furaha hadi naona haya.

Baba yako

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikaenda kutapika. Hiyo ya tatu haikuwa kosa lako.

Kaa chini kwanza. Lakini usikae juu ya lile dude!

Nina mimba. Ndiyo, mimi. Baada ya miaka yote ile ya madaktari, na mama mkwe kunitazama tumbo kabla hajanitazama usoni, na mimi kupamba harusi za watu ambao mwaka unaofuata wanarudi kuniita nipambe sherehe za watoto wao. Daktari aliponiambia nilimbishia. Nilimwambia amechukua majibu ya mwingine. Mkweo alisimama pale mlangoni mdomo wazi, mpaka muuguzi akamwomba apishe njia.

Sijui kama hii ni furaha. Nilidhani itakuja ikipiga ngoma, kumbe imekuja na woga. Usiku nagusa tumbo, nauliza, upo?

Sasa nisikilize. Mtoto huyu nataka awe na babu, babu aliye hai, anayekaa kwenye kiti kama watu wengine. Liondoe hilo sanduku. Sikuombi, nakuamuru, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Binti yako (na mwenzake)

4 Machi

Mama, mama, mama!

Marahaba mara mbili, moja yako na moja ya huyo aliyejificha. Barua ilinikuta karakana. Nilipoisoma nilipiga ukelele hata mteja aliyekuwa akilia akanyamaza, akanipa pole, akidhani nami nimefiwa. Nilipomwambia, tukakaa wote wawili juu ya mbao tukacheka na kulia, hatujuani hata majina. Siku nzima sikushika msumeno, niliogopa vidole vyangu.

Amri yako nimeitii. Sanduku nimelivunja siku ileile, ubao kwa ubao. Mtiki wake nimeupa kazi nyingine, na kazi hiyo usiniulize. Utaiona ikifika. Maisha yangu yote sijawahi kutengeneza kitu ambacho mtu atakifungua akicheka, na ajabu ni kwamba sikuwahi hata kugundua. Sasa ndiyo zamu yangu. Kiti nacho nimekitengeneza mguu.

Usinyanyue vitu vizito. Hao maharusi wafunge vitambaa vyao wenyewe.

Baba yako, babu mtarajiwa

18 Mei

Baba,

Umetuma nini?

Mzigo umefika leo. Nilikuwa nimewaita wenzangu wa kazini. Mama mkwe alipika chai, akaweka na maua mezani, alivyo na furaha siku hizi. Tukakata kamba, tukatoa magunia. Mwenzangu mmoja akasema "jamani," akatoka nje.

Kina kifuniko, baba. Kina bawaba za shaba na kifuniko. Kichwani kipana, miguuni kimebana. Kina vishikio vinne ubavuni, umeving'arisha. Umekipaka vanishi ileile, harufu ikajaa nyumba nzima. Mtoto anacheza tumboni mwangu, na mbele yangu limewekwa jeneza lake, kipimo chake, kutoka kwa babu yake.

Mama mkwe alipiga yowe hadi majirani wakaja. Mimi sikuweza hata kulia. Nilishika tumbo kwa mikono miwili kama vile kuna mtu amekuja kumchukua. Nimemwambia mume wangu akitoe, akakitupe asikoweza kuniambia.

Ulinicheka? Au ni mimi tu niliyekuwa sijakujua siku zote hizi?

Usiniandikie.

30 Mei

Mwanangu,

Umenikataza na ninaandika. Nitukane ukimaliza kusoma.

Sikuona. Naapa kwa kaburi la mama yako, sikuona. Niliposoma barua yako nilisema hapana, huyu mtoto ana homa, mimi nimetuma kitanda. Nikafumba macho nikakikumbuka kiungo kwa kiungo, na kilipotimia kichwani mwangu nilikaa sakafuni.

Miguuni nilipunguza kwa sababu mkono wangu ukifika miguuni hupunguza. Sikuuambia, haukuniuliza. Kifuniko niliweka ili vumbi la njiani lisiingie, nikawaza, na mbu je? Nikajiona mwerevu. Vishikio nilisema ni vya kukibebea kutoka chumba hadi chumba mtoto akiwa amelala. Nilikuwa naimba, mama! Nilikuwa naranda naimba, najiambia hii ndiyo furaha, hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Wateja waliopita walikitazama wakanipa pole kwa sauti ndogo, na mimi, kwa masikio haya, nilidhani wananipongeza, nikawaitikia "asante, asante, ni mjukuu wangu wa kwanza."

Nilikuandikia maneno mengi ya kujivuna kuhusu maisha yenye maana. Yafute. Mtu gani huyo mwenye maana, ambaye mikono yake haijui kutofautisha anayekuja na anayeondoka?

Niambie jambo moja tu, kwamba hamjambo, wewe na mtoto. Usiponiambia pia nitaelewa.

Baba yako

2 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hukujibu, nami nimeelewa, lakini naandika kwa kuwa nikinyamaza nasikia ile "umetuma nini?" hata kwa masikio haya.

Nimekuwa mwanafunzi. Ng'ambo ya soko kuna mama mmoja muuza vitanda, ana sauti ambayo hata mimi naisikia. Asubuhi nakwenda kwake, mchana narudi kwa marehemu wangu. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi ni mkavu, nakatikakatika. Kazi ya kwanza alinipa stuli, kitu cha mraba tu. Nilipomaliza akaiweka chini, akaizunguka, akasema, "Mzee, hii nani atazikwa nayo?" Upande mmoja ulikuwa umebana. Skwea, kile kipimo cha pembe, nilikuwa nayo mkononi!

Tangu hapo anasimama nyuma yangu akipiga kelele, "Pembe, mzee! Pembe!" Jana nimetoa stuli yenye pande sawa. Aliikalia, akaendelea kula muhogo wake bila kusema neno. Nimeambiwa hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Sikuahidi kitu. Sitatuma kitu. Nilitaka tu ujue kwamba mkono unafundishika, polepole.

Hamjambo?

Baba yako

11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Naandikia gotini, kwenye benchi la hospitali, na kalamu nimeazima kwa muuguzi. Tupo hai. Naliandika hilo mwanzoni usije ukatafuta chini.

Amezaliwa kabla ya siku zake. Nilikuwa ukumbini, nimekaa kitini, sinyanyui kitu kama ulivyoniagiza, naelekeza watu tu, mara maji yakatoka. Nilishtuka hata nikaomba radhi kwa kulowesha zulia. Mama mkwe, yuleyule aliyepiga yowe, ndiye aliyenishika mkono usiku kucha, na asubuhi akabaki hana sauti. Ni msichana. Ni mwekundu, amekunjamana, amekasirika. Hakulia walipomtoa. Walimpindua, wakamsugua mgongo. Kisha akakoroma kidogo kama paka, wakamchukua mbio.

Nilipopelekwa kumwona, nilisimama mlangoni. Wamemlaza ndani ya sanduku, baba. La kioo, la kumtia joto. Lina bawaba, na lina kifuniko. Nilitazama lile sanduku na mtu wangu ndani yake, nikasubiri nipige yowe kama mama mkwe siku ile, yowe halikuja. Nililikumbatia. Niliweka shavu juu ya kifuniko na nikakipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupamba. Kila asubuhi naomba Mungu wasilifungue kabla ya wakati.

Uliniandikia habari za furaha, nikakudharau moyoni. Nilidhani mzee anajifariji. Furaha yangu siku hizi ni muuguzi kupita, kusoma vyombo vyake, na kuniambia "hakuna jipya." Nikisikia hivyo naenda nje kunywa chai, na chai inakuwa tamu.

Leo hakusema hivyo. Leo amesema, "Ameongezeka." Ndiyo maana naandika.

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya stuli nilicheka peke yangu hapa kwenye benchi, watu wakanitazama, na nilipocheka kidonda cha upasuaji kikauma. Jana nilimuuliza mume wangu alikitupa wapi kile kitanda. Akainamisha kichwa kama mwizi. Hakukitupa. Kiko stoo yetu, nyuma ya viti vya harusi, amekifunika kitambaa cha mezani. Anasema aliona mbao zilivyounganishwa, mkono ukakataa kutupa.

Njoo, baba. Mama mkwe amekubali, anasema bora aje mwenyewe kuliko atume mzigo. Njoo na randa yako na ubao wa mtiki kama umebaki. Kifuniko nitakitoa mimi, siku tutakayomleta nyumbani. Vishikio viache, vitafaa kweli kumbebea kutoka chumba hadi chumba.

Ila upande wa miguu upanue. Watu wote uliowahi kuwapima walikuwa wameshamaliza kukua. Huyu leo, nikimlaza mkononi, anaanzia kwenye kiganja na kisigino hakifiki kwenye kiwiko, lakini mwache tu. Acha nafasi kubwa, baba. Huyu atarefuka.

Mama wa mjukuu wako