Simu ya Tamrat

Hawassa, 9 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wote huko Chencha? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila masomo yananipiga chenga. Walimu wa hapa chuoni hawagawi karatasi. Kila kitu, hata mazoezi, wanatuma kwenye kundi la simu, na kisimu changu cha vitufe hakipokei. Nanakili kwa Lidet, mwenzangu wa chumba, binti wa daktari, akiwa na nafasi. Baba, naomba simu kubwa.

Mwanao, Adanech

Chencha, 30 Novemba

Mwanangu Adanech,

Sisi wazima, na mama yako hakohoi tena. Simu hii ni ya kaka yako Tamrat. Amesema, "Mimi nafuma shuka, simu ya nini? Mpeni msomi." Kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Itunze.

Baba yako

Chencha, 2 Machi

Mwanangu,

U mzima? Miezi mitatu huandiki. Juzi sokoni Zenebe muuza chumvi kanionyesha wewe kwenye simu yake, unasuka nywele na kucheka. "Mzee, binti yako ana watazamaji elfu nne! Atatoka huko daktari wa mawigi!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sasa niambie: mitihani ilikuwaje?

Baba yako

Hawassa, 15 Machi

Baba, shikamoo. Poleni na kazi.

Nisamehe. Nimepewa onyo. Nikishindwa tena Juni, narudishwa nyumbani. Video nilizianza ili wenzangu wasinione mshamba. Lakini si video tu. Lidet anashinda kwenye simu kuliko mimi, na ndiye anayeongoza darasa. Nikamchunguza. Asipoelewa kitu, anamwandikia mwalimu papo hapo. Nikamuuliza, "Huogopi?" Akanishangaa. "Kwani ananila? Baba anasema kazi yao ni kuulizwa."

Mimi, Baba, tangu nije sijamuuliza mwalimu yeyote neno. Nilikuwa nangoja niitwe.

Jana niliandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. Lidet akanipokonya simu, akautuma. Mwalimu Fisseha akajibu, "Njoo." Nimekaa naye saa nzima. Akasema, "Swali zuri. Ulikuwa wapi siku zote?"

Mwambie Tamrat video nimeacha.

Mwanao, Adanech

Chencha, 20 Julai

Mwanangu Adanech,

Tumshukuru Mungu, wazima wote. Barua yako ya matokeo imefika. Tamrat ameisoma kwa sauti mara tatu, na ya tatu majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Umefaulu yote, onyo limefutwa! Mama yako anapika tangu jana.

Sasa nikuambie jambo. Siku niliyokupeleka chuo nilisema nawahi basi, nikakuachia begi getini. Basi lilikuwa la saa kumi jioni. Niliona wazazi wenzangu na suti zao wanaongea na walimu, nikatazama viatu vyangu. Nilikaa kituoni tangu asubuhi.

Kwa hiyo hofu ile hukuizua wewe. Uliipata kwangu.

Septemba nakusindikiza tena. Safari hii naingia ndani, na huyo Fisseha nina swali la kumuuliza.

Baba yako