Kuitika tu ndiyo ninajua

Leo tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, siku ya uhuru. Vumbi tupu, upepo ya ziwa inapiga mabati, na hakuna hata ngoma moja. Defile, ile maandamano ya sikukuu, imekatazwa. Wanasema waasi wamefika Bwegera, kwenye njia ya kuja huku. Basi niko mbele ya nyumba yangu huku Kasenga, nachambua ndagala, hizi samaki ndogo ndogo, nikichoka naandika kwenye telefone na kidole moja.

Shajara yangu, leo nimepata aibu yenye sijaonaka.

Wenye kunijua wanajua mudomo yangu haina mulango. Nani ameachika, nani anajenga nyumba ya pili kwa siri, mutoto wa nani anafanana na jirani, yote inapita kwangu mbele ifike sokoni. Lakini leo mutoto wa miaka saba amenifunga mudomo.

Ni mujukuu yangu. Mama yake, binti yangu Furaha, alikimbia vita na mimba, akavuka Burundi, akazalia kwenye kambi, kisha wakapelekwa inchi ya mbali. Huyu mutoto sijamushika hata mukono. Swahili alikuwa nayo kidogo, masomo ya kule imeimaliza. Sasa ni Kingereza tu.

Na minye? Niliacha masomo mwaka wa tatu ya primeri. Lakini niko mwimbaji wa korali tangu usichana, nikasema njia yangu ya kujifunza ni hiyo. Nikawekewa nyimbo za dini za Kingereza kwenye telefone. Miezi yote hii nikipika naimba, nikifua naimba. Jirani yangu Mama Zawadi ananicheka juu ya lupango yenye inatenga nyumba zetu:

“Weye Mwingereza wa kula sombe! Kesho utatukataa?”

“Cheka tu. Nikianza kuongea, utatafuta mutafsiri.”

Tulicheka mpaka machozi. Kicheko ya bure.

Leo asubuhi Furaha akapiga. Akasema, “Mama, leo mutaongea wenyewe,” akaachia mutoto telefone, akaenda jikoni.

Mutoto akasema maneno, sauti ikapanda kama anauliza. Na minye nikafanya ile mudomo yangu imezoea: nikarudilia maneno yake ya mwisho, muzuri kabisa, na sauti ya korali. Akasema ingine. Nikarudilia. Mama Zawadi akapiga makofi kule kwake, akizani tunaongea! Akasema ya tatu, polepole. Nikarudilia polepole.

Kisha nikasikia analia.

Furaha akarudi mbio. “Mama, mbona unamuiga mutoto? Anakuuliza kama risasi zimefika kwako, kama uko salama, na weye unamurudishia maneno yake!”

Nikaomba nimusemeshe tena. Akakataa kushika telefone. Kisha rezo ya telefone ikakatika, mpaka saa hii haijarudi.

Nimekaa na hizi ndagala nikafikiri, nikaelewa. Kwenye korali yetu muntu moja anaanza, sisi wengine tunaitika na maneno yake ya mwisho. Maisha yangu yote niko upande wa wenye kuitika. Na zile nyimbo za telefone nilizifanya vile vile: mwongozi akiimba, minye nakoroga bugali. Wengine wakiitika, ndiyo napaza sauti. Kingereza yangu yote ni ya kuitika.

Kuanza sijajifunza hata siku moja.

Jirani wengine wako wanafunga magodoro. Mama Zawadi amekuja kuniuliza tunakimbia ao tunangoja, na hakutania hata kidogo. Nimemujibu sijui. Kama waasi wanaingia na rezo inakufa kabisa, mujukuu yangu atabakia na hii tu: minye koko yake, nyanya yake, nilimucheka siku aliniuliza kama niko muzima.

Mbele ya kuandika nimewasha wimbo moja. Mwongozi akaanza. Nikafungua mudomo nianze naye, hakuna kitu ilitoka. Nikangoja. Wenzake wakaitika, na minye nikaitika nao, muzuri sana.

Minye mwenye naulizaka Kasenga yote imelala namna gani, imekula nini, imegombana na nani. Kuuliza mujukuu yangu kama amekula, inaanziaka wapi?