Meza ya Mama Haitoki

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuaga. Watu wanatuambia tumekulilia vya kutosha, sasa tupoe. Hatupoi ng'o.

Chuoni walikuita Mama Umeelewa, na jina hilo ulijitafutia mwenyewe. Mwanafunzi wa kompyuta akija mbio kusema mashine yake imeelewa hadithi, ulishusha miwani: "Imeelewa, au imejibu tu?" Maskini alirudi kuketi. Hata nyumbani hatukupona. Baba, ukimwomba atoe takataka akaitikia "sawa, mke wangu," aliulizwa vivyo hivyo, maana takataka zilikuwa bado jikoni.

Masomo ya Akili na Kompyuta uliyaanzisha kwa ubishi. Watu wa falsafa walikuwa na jengo lao, wa saikolojia lao, wa lugha lao, wa kompyuta wamejifungia na mashine zao, na salamu hakuna. Ukasema anayetaka kujua akili ni kitu gani hawezi kushinda na wanaofanana naye tu. Ukataka meza moja ndefu, wote waizunguke. Mjomba, mdogo wako fundi seremala, akaitengeneza humo humo darasani, kwa mbao nzito na gundi. Mlipima chumba, mkapima viti. Mlango hamkuupima, jamani! Ulipogundua kwamba meza haiwezi kutoka, ulicheka mpaka mbavu zikakuuma. "Basi na sisi hatutoki," ukasema.

Msichana wa kompyuta ulimtuma akakae na watoto wa chekechea, atazame wanavyojifunza neno jipya. Kijana wa falsafa ulimkalisha mbele ya programu iliyogoma mpaka ikatii, akalia kwa furaha, nawe ukampa leso yako. Aliyekosea hukumfokea. "Vizuri," ulimwambia, "sasa tuna cha kuzungumza."

Hata hospitalini ulimuuliza daktari kama ile mashine ya mapigo inajua ni moyo wa nani. Daktari alivuta kiti akakaa. Tunakukosa sana, Mama.

Sasa sikia walichofanya. Juzi mkuu wa kitivo alitangaza kwamba masomo yako yanafungwa, kila mtu arudi jengo lake. Wakatumwa vibarua waitoe meza. Wakaigeuza hivi, wakaisimamisha vile, wapi! Wakampigia Mjomba simu aje aifungue. "Niliigundisha mwenyewe," akawajibu, "na wala sikumbuki nilianzia wapi." Ikaletwa misumeno.

Wanafunzi wako walipoiona, wakaketi wote, viwiko mezani. Nasi tukafika: Baba na mkongojo wake, Mjomba, na sisi wanao. Tukavuta viti. Mkuu mwenyewe akaja.

"Poleni sana," alisema. "Nimeelewa uchungu wenu, lakini uamuzi umeshapita."

Baba, yule yule asiyependa makuu, akashusha miwani.

"Umeelewa, au umejibu tu?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, Mama, na katikati ya kicheko tukajikuta tunalia. Mkuu aliondoka na misumeno yake. Amesema atarudi Jumatatu. Na arudi.

Kwa hiyo maombi ya kutimiza mwaka hatuyafanyi nyumbani. Jumatatu asubuhi tutakuombea pale pale, tumeizunguka meza yako, na maombi yakiisha darasa litaanza. Wote mliowahi kuulizwa swali la Mama, karibuni. Mkikosa viti, simameni mlangoni, maana hapo ndipo watakapotaka kupita.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi takataka anatoa bila kuambiwa. Mdogo wako fundi. Wanao, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Wakwe zako na wajukuu. Na wanafunzi wako, ambao kwetu sasa ni ndugu.

Tutakukumbuka daima, Mama, na tutakukumbuka tukiwa tumekaa.