Picha ya Nyumba ya Mama Dobi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechaguliwa! Chuo kikuu cha serikali, ualimu wa hesabu. Baba aliposikia aliuacha mwiko ndani ya saruji mpaka ukaganda. Kawatangazia majirani wote — mnamwona huyu? Wangu huyu! Tuko wawili tu, mimi na yeye. Sasa ada. Bila mkopo wa serikali siendi popote.

Jumatano, 6 Agosti
Fomu ya mkopo inataka picha ya nyumba. Yetu ndani haina kitu. Lakini baba ni mwashi, kuta kazipiga lipu mwenyewe, kwa saruji ya mabaki, mpaka zinateleza. Nani ataamini kwamba hatuna?
Nikapiga picha kibanda cha jirani, Mama Dobi, anayefulia watu nguo. Mabati yana kutu, ukuta umeliwa. Kaniambia subiri kwanza nifagie! Akasimama mlangoni, akatabasamu. Nimeituma hivyohivyo. Naona aibu, lakini nimeituma.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Dobi kauliza kama alitoka vizuri. Nimesema vizuri sana. Sikuweza kumtazama.

Alhamisi, 21 Agosti
Afisa wa mkopo kaja bila taarifa, picha mkononi. Kaupita mlango wetu, moja kwa moja kwa Mama Dobi. Nikakimbia — wapi! Nimemkuta mlangoni kwake; akaninyooshea kidole, akamuuliza, huyu ni binti yako? Mama Dobi kaitazama picha, kanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema ndiyo, wangu, wa kwanza.
Hapohapo baba akatokea, anarudi kazini, suruali imejaa saruji. Afisa akauliza, na huyu mzee?
Baba akaiona picha. Jina langu liko chini yake, na baba anajua kusoma.
"Mimi fundi tu," akasema. "Nimeitwa kuangalia ukuta."
Na kweli akaugongagonga, kama mtu wa kazi. Afisa akaandika: baba hayupo. Kaniachia karatasi nijaze, ataipitia kesho asubuhi.
Baba kala chakula chake. Hajanigombeza. Afadhali angenichapa! Kaniuliza tu, kalamu unayo? Kisha kaenda kulala mapema, uso ukutani.
Karatasi iko hapa. Wanataka majina yangu mawili, kwa herufi kubwa. La kwanza nimeshaandika. La pili ni la baba —