Kisanga Changu Hakina Mutu

Gertrude rafiki yangu, amenicheka! Minye, bibi ya watu!

Nilimupelekea Madame Simone, yule mwalimu, samaki mukavu wa ziwa Tshangalele. Nikamwambia: tubadilishane, weye unifundishe Kifaransa, minye nikufundishe Kisanga, lugha yetu.

"Kisanga? Mama, nitakisema na nani? Kama ungekuwa na Lingala, sawa!"

Na nani! Na nani!

Huyu ni wa tatu kunikatalia. Sista wa misheni alisema Kiswahili kinamutosha yeye. Mke wa injinia hakunifungulia hata mlango.

Na mujukuu wangu Mélanie anafika Jumapili kutoka Kinshasa. Hajui Kiswahili wala Kisanga, anasema Kifaransa. Miaka sita namungoja.

Na samaki wangu, Madame alichukua, Gertrude!

Nina "bonjour" yangu moja ya kusalimia. Nitamupa hiyo, kisha nitanyamaza mpaka arudi kwao.