Jiwe Mtoto

Riverdale Park, Maryland
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi

Mdogo wangu Vaileth,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na wote walioko hapo Mbinga, na walio wagonjwa nawapa pole hata kabla hawajasema wanaumwa nini. Goti lako likoje? Kama bado unapanda kilimani kupalilia maharage na daktari alishakukataza, usinijibu, maana nitakugombeza na karatasi hii ina kazi nyingine. Mimi mwili ni mzima. Presha ninayo, ila safari hii haikuletwa na chumvi, imeletwa na hasira.

Barua hii anakuletea Isack, fundi umeme wa hapa anayekuja Songea kumwoza binti yake. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe mkweo, yule anasoma kama anaendesha mnada, kijiji kizima kitajua kabla hujafika mstari wa pili. Na uache kunitumia picha za maua kwenye simu kila asubuhi na kuuliza dada mbona kimya. Wiki tatu nimenyamaza kwa sababu nyumba hii imeingiwa na aibu, na maua yako hayakusaidia kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Anitha wetu, binti wa mwanangu Gervas, ameitwa mwizi. Kesho Alhamisi saa nne anakaa mbele ya watu watano wa chuo chake. Wakiona ni mwizi kweli wanamfukuza, na miaka mitatu ya kusoma inamwagika kama maji ya kunawia.

Unajua anasomea mambo ya kale. Wanafukua ardhi kutafuta watu waliokaa nchi hii kabla ya Wazungu hawajafika. Gervas, na basi lake analoendesha tangu alfajiri, alitaka binti asome unesi kama watoto wa wenzake. Mimi nami nilimkejeli, nikamwambia kwetu kufukua ardhi tunafanya bila cheti. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyo watoto wa huku. Kiswahili kinaingia masikioni kizima lakini mdomoni kinatoka kimevunjika, na neno wasilolijua wanaiuliza simu.

Jumamosi moja akanichukua kwenda Woodbridge, huko Virginia, kwa gari la jirani yetu Aketch, mama wa Kijaluo anayetunza wazee. Ni ukingoni mwa mto mkubwa Potomac. Kuna kampuni inataka kujenga nyumba hapo, lakini imebidi wasubiri watu wa chuo wafukue kwanza. Njiani Anitha akanieleza kwamba chini ya hizi barabara na vituo vya mafuta kuna vijiji. Watu wa vijiji hivyo walipanga mawe mtoni wakatega samaki, wakalima mahindi kwenye vijilima vya udongo, maharage yakapanda kwenye bua la hindi na maboga yakatambaa chini. Vaileth, nilikasirika pale pale garini. Mahindi, maharage na maboga shamba moja! Hao si sisi? Nikamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo kwamba ni wakulima. Kila nikija huku, kwenye televisheni ya Gervas nimewaona wamevaa manyoya wanapiga kelele juu ya farasi, na hata mmoja sijaona kashika jembe.

Basi nikafika, nikaona mashimo ya mraba yamepimwa kwa kamba kama makaburi. Wanaojitolea tunaruhusiwa kuchekecha udongo. Msichana wa pembeni yangu alikuwa anatikisa chekeche kama anafukuza kuku. Nikamnyang'anya, nikamwonyesha namna mtu aliyelelewa na mama yake anavyochekecha. Kufika mchana nilikuwa nimeokota vigae vya vyungu kumi na kimoja, na wenzangu hakuna aliyepita vinne. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nikawa naenda kila Jumamosi.

Msimamizi wao ni mwanamume anaitwa Wayne. Huyo akisema na mimi anapaza sauti, kama vile uziwi na kutojua Kiingereza ni ugonjwa mmoja. Na kulikuwa na mama mtu mzima, Bridget, wa watu wenyewe wa mto ule. Jina la kabila lao nitalikosea kuandika, kwa hiyo naliacha. Watu wake walimweka pale aangalie bibi zao wanavyofukuliwa. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, rozari mkononi, anafika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Hatukuwa na lugha moja. Nilimpa maandazi akala mawili, akaweka la tatu kwenye pochi bila kuona haya, nikampenda.

Jumamosi ya tatu shimo la Anitha likatoa jiwe pana, limebonyea katikati kama bakuli. Hatua moja kutoka hapo, jiwe jingine dogo la duara, la kujaa kiganja. Nilisimama bila kuambiwa. Na wewe ungesimama. Mama na mtoto! Unakumbuka mama yetu alivyoyaita, la chini mama, la juu mtoto, na aliyemchukua mtoto kwenda kuvunjia karanga alikula mwiko wa mgongo. Sasa Wayne akaandika la chini namba yake, la juu namba nyingine na maneno kwamba ni nyundo. Akayatia mifuko mbalimbali. Nikamwambia Anitha amwambie huyo bwana kwamba amemtenga mtoto na mama yake, na kwamba mwanamke aliyesagia alitumia kushoto, aangalie dole gumba lilipolila jiwe. Mimi najua. Mkono wangu wa kushoto ulichapwa mpaka ukachoka kuchapwa, na jiwe lile ningelishika mimi dole lingelala humo humo.

Wayne akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema anapenda sana hadithi za mabibi, ila kiganja cha bibi si ushahidi. Bridget pale kwenye kiti akatamka neno moja, na Anitha akanitafsiria kwamba amesema wanisikilize. Wayne akaongeza alama ya kuuliza kwenye karatasi yake. Alama ya kuuliza! Anitha akaomba jiwe mtoto liwe kazi yake ya kumalizia masomo, wakamwandikishia kwa jina lake. Ndiyo maana lilipopotea Jumatatu moja, walimgeukia yeye.

Na sikia walivyomgeukia. Wanafunzi kumi na wawili wamesimama, mifuko kumi na miwili iko chini, Wayne akafungua mmoja. Wa mtoto wetu. Alikuta wali na mchicha nilioupika mimi. Hakuomba radhi, akasema ni utaratibu. Utaratibu gani unaoanza na mweusi ukaishia hapo hapo? Anitha akarudi nyumbani, akalala na viatu. Gervas akasema tunyamaze, tukiwa wageni tusipige kelele. Nikamuuliza mgeni gani, huyu kazaliwa hapa hapa, hata mbu wa kwetu hawajui.

Sasa kaa chini, Vaileth.

Jiwe lipo. Liko mezani mbele yangu, naandika huku naliona. Niliyelichukua ni mimi.

Usipige yowe, nisikilize. Jumamosi ya kabla ya Jumatatu hiyo, walipokuwa wanakusanya vyombo, nilinyoosha mkono nilishike. Anitha akaruka, akanipigia kelele, kitu ambacho hajawahi. Alisema: "Bibi, usiguse! Lina wanga wa zamani! Bado wako ndani, kwenye matundu!" Akasema miaka mia saba hawajatoka, na wiki ijayo anawapeleka maabara wakawatoe.

Mimi nimeishia darasa la nne. Ninaowajua wanga ni wale tuliowajua mimi na wewe, wanaozunguka uchi kwenye nyumba za watu usiku. Angesema umo, labda ningeuliza. Alisema wako. Nikamtazama mtoto alivyokonda, kichwa kinamuuma kila siku kwa kuinamia mashimo ya marehemu, nikasema kumbe! Na hawa Wazungu wanataka wapandishwe gari, wapelekwe chumba chenye taa! Nilililaza jiwe kwenye kikapu chini ya khanga, nikaaga watu wote kwa mkono.

Nyumbani nikalisugua. Sabuni, chumvi ya mawe, brashi ya waya ya Gervas ya kusafishia majiko ya kuchomea nyama, na maji ya baraka ya kule Takoma Park tunakosali. Niliombea kila tundu. Lilipokauka nikapitisha kiganja, nikaona uso unateleza, meno yameisha. Wewe unajua, jiwe lisilo na meno ni tusi. Nikachukua nyundo na msumari mnene, nikaligonga taratibu mchana mzima kama mama alivyotufundisha, tok, tok, mpaka likauma kidole. Nikasagia ulezi ambao Aketch anauita wimbi, juu ya kipande cha sakafu ya mawe kilichobaki walipojenga. Nikapika uji. Anitha akanywa vikombe viwili, akasema bibi uji wa leo mtamu.

Walipomwita mwizi, nilinyamaza. Nilisema moyoni heri aitwe mwizi kuliko kuliwa na wanga. Ndivyo nilivyojidanganya wiki ya kwanza. Wiki ya pili na ya tatu sikuwa na neno la kujidanganya, nilikuwa na kiburi tu.

Jumapili tukila, nikamuuliza wale wanga wangemfanya nini. Akanishangaa. Akaminya tonge la ugali, akanionyesha unga ulioganda kidoleni. Hii ndiyo wanga, bibi, akasema. Iko kwenye mahindi, iko kwenye viazi. Akaniambia unga wa wale akina mama bado ulikuwa umejificha kwenye vitundu vya jiwe, chembe ndogo jicho halizioni, na maabara ingesema walisaga nini, mahindi au mbegu za miti ya msituni, na walilisha watoto wao nini. Na pale dole gumba lilipolila jiwe, akasema, ndipo alipotaka kuthibitisha kwamba bibi yake alisema kweli.

Vaileth, pale nimepagonga. Pana meno mazuri. Chakula cha wale wanawake kilikaa miaka mia saba, vita vikapita juu yake, barabara zikapita juu yake, nikakimwaga mimi kwenye sinki la jikoni nikiimba Salamu Maria.

Leo asubuhi nilimwita Anitha, nikaliweka mezani. Hakulia kwanza. Alipitisha kidole juu ya meno, polepole, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Bibi, umegonga vizuri." Halafu ndiyo akalia. Halafu akafuta uso akapanga mambo yake. Kesho atawaambia lilimponyoka mtoni. Mimi nina viza ya kutembelea, anasema, na wizi ni wizi, watanirudisha na mlango wasinifungulie tena. Gervas akamuunga mkono! Mwanangu wa kumzaa, anaona heri binti yake afukuzwe chuo kuliko mama yake aseme kweli. Nikamuuliza ni nani alimlea. Walikwishaamua bila mimi, kama vile mimi ni sanduku la kuamuliwa likae chumba gani.

Miaka sabini na nne sijabebewa mzigo na mtoto, na sianzi kesho.

Kwa hiyo Aketch ananipitia saa moja asubuhi. Hawa wanajua nakwenda rozari. Nitaingia kile chumba kabla ya Anitha, na Aketch atanitafsiria, kaapa hatapunguza neno. Kwa Wayne nina neno moja tu, kwamba alifungua mfuko mmoja na haukuwa wenyewe. Jiwe simpi. Nilidhani nimemwibia yeye, na kwa kweli hilo halikuniuma sana. Lakini jiwe halikuwa lake. Lilikuwa la Bridget, na yule mama alisema wanisikilize, nami nikaondoka na unga wa bibi yake kwenye kikapu. Watu wake wameitwa kesho, atakuwepo. Nitamkabidhi yeye mkononi mbele ya hao watano, aamue mtoto arudi kwa mama yake au vipi. Aketch amenifundisha kuomba msamaha kwa Kiingereza. Nimekariri tangu nilipoamka mpaka ulimi unauma, naye ananicheka, eti nasema kama mtu anayeagiza kuku. Akicheka Bridget pia, na acheke. Akinitemea mate, nitajifuta.

Kama Anitha hatanisamehe, hiyo ni haki yake, usimpigie simu kumshawishi. Nakujua.

Wasalimie watoto wote, na wajukuu, na akina mama wa jumuiya, na mwambie mkweo nimemsamehe kwa lile la mbuzi. Wewe pumzisha goti. Na wakinirudisha nyumbani, usije Songea na vigelegele na khanga za kutandika chini. Njoo peke yako, unishike mkono tu, twende.

Ni mimi dada yako, Genoveva. Na watu wakikuuliza mwizi wa Amerika ni nani, wape jina hilo. Usiwaache wataje jingine.